Aliyemtuma Mlinzi

Saa nane na robo usiku, Võru, Februari.
Theluji imeziba nusu ya dirisha la chumba cha mashine,
na mimi, Taavet, mtunza mitambo wa hospitali,
nimekaa na soksi mbilimbili na chai iliyopoa,
naihamisha ghala ya picha: mapafu, nyonga, magoti,
mifupa ya wilaya nzima, nyeupe juu ya nyeusi.

Ghala mpya ni imara. Kuta zake nimezijenga mwenyewe.
Nikaiambia: linda.
Ikaenda kubisha kwa seva ya idhini,
ikataja jina lake na nenosiri lake,
ikasema: ninazo picha, ziandike daftarini,
uniambie nani aingie na nani arudi.
Seva ikajibu kwa mstari mmoja mwekundu:
Wewe nakujua. Aliyekutuma simjui.

Nikacheka peke yangu, cheko la mtu aliyenyimwa usingizi.
Mgeni aombwe kibali, sawa;
daktari aombwe, hata mwana wa mgonjwa;
lakini mlinzi? Mlinzi naye
apange foleni, apigwe muhuri,
ndipo aruhusiwe kusimama mlangoni?

Ndiyo sheria. Ghala haina picha hata moja iliyo yake.
Kila picha ina mwenyewe,
na mwenyewe sharti aseme kwa kinywa chake:
huyu namtuma, anilindie, mpaka saa fulani.
Hapo ndipo seva hutoa tokeni,
neno refu lisilotamkika,
herufi na tarakimu kama mchele uliochanganywa na chuya.
Bila hilo, kuta zangu ni kuta tu.

Wa kwanza kuja asubuhi alikuwa Leida Kõiv,
miaka themanini na minne, basi la saa moja kutoka Rõuge,
fimbo yenye msumari wa barafu ikigonga sakafu, ko, ko.
Nikamweleza. Nikaeleza vibaya, nikaeleza tena.
Akanitazama kama mtoto anayemwonyesha
kitu alichokizika yeye mwenyewe.

"Kiwanda cha kitani," akasema. "Miaka kumi na tisa
nilikaa kwenye kidirisha cha lango.
Ubao, misumari mia tatu, na kila msumari kipande cha shaba
chenye namba. Anayeingia achukue, anayetoka arudishe.
Namba yangu mia mbili na sita.
Hata mimi, Taavet, mgawa vipande,
sikuketi kabla ya kuchukua changu."

Akanyamaza. Bomba la joto likanguruma ukutani.
Kisha, bila kunitazama:
"Mahali pengine palikuwa na jalada langu.
Karatasi arobaini na moja; niliziona uzeeni.
Lilitunzwa vizuri. Hakuna ukurasa uliochanika,
hakuna panya, hakuna unyevu.
Lilikuwa na mlinzi usiku na mchana.
Ila si mimi niliyemtuma."

Mali bila daftari hupotea bila habari,
walisema wahenga.
Juu ya daftari bila mwenyewe hawakusema kitu.

Nikamgeuzia skrini. Akavaa miwani,
akasoma yote, hata yale madogo ya chini yasiyosomwa na mtu,
kidole kikifuata mstari kama kinachotafuta punje iliyooza.
"Itadumu muda gani?"
"Saa moja. Kisha ghala itaomba upya,
na siku ukitaka kuikatia, waikatia."
"Hata nikiwa nyumbani naosha vyombo?"
"Hata ukiwa na povu mikononi."

Akabonyeza, kwa kidole cha kati, kwa nguvu,
kama anayening'iniza kipande msumarini.
Mstari mwekundu ukawa kijani.
Mapafu yake yakaingia daftarini,
na kovu dogo la upande wa kushoto, umbo la kokwa.

Akafunga skafu. Alipofika mlangoni akageuka:
"Na wewe? Wewe nani kakutuma?"

Nalitafutia jibu tangu asubuhi.
Ghalani mna picha elfu tisa zisizo na tokeni.
Theluji haijakoma. Nimepasha chai upya,
nimevuta kiti cha pili karibu na skrini.